Jicho vivu la mtu mzima: tumelinyima hata kipimo cha miwani

Oktoba 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu tiba ya jicho vivu, yaani jicho lisiloona vizuri kwa kuwa ubongo umezoea kulipuuza tangu utotoni. Tiba hiyo inaitwa Luminopia. Mtoto anavalishwa kifaa kichwani, kinachoyafunika macho yote mawili, na anatazama katuni saa moja kwa siku, siku 6 kwa wiki. Wakati huo picha inayokwenda kwenye jicho lenye nguvu inafifishwa ili jicho dhaifu nalo lipate nafasi. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa nyingine, CureSight, inayofuatilia mwendo wa macho ya mtoto mbele ya skrini na kulitia ukungu jicho zima, yaani lile lenye nguvu, pale linapokodolea. Zote mbili ziliruhusiwa kwa watoto wadogo. Lakini habari ikisafiri hubadilika sura, na ilipofika kwenye simu zetu ilikuwa imeshakuwa nyingine kabisa: jicho vivu sasa linapona kwa umri wowote, vaa kifaa, cheza gemu, umepona. Palepale chini ya video kuna wanaojibu kwa uhakika uleule kwamba huo ni uongo mtupu, kwani jicho vivu likishapita miaka saba halina dawa.

Wote wamekosea, lakini kosa la hawa wa pili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi, kwa sababu limevaa joho la daktari. Miaka saba ulikuwa ushauri kuhusu wakati ambao tiba inafanya kazi vizuri zaidi. Katika mazoea ya kliniki ushauri huo ukageuka marufuku. Matokeo yake ni kwamba mtu mzima mwenye jicho vivu, anapofika kwa mtaalamu, mara nyingi hanyimwi teknolojia ya Marekani tu. Ananyimwa kitu cha kwanza na cha bei rahisi kuliko vyote: kupimwa vizuri jicho lile dhaifu, kupewa miwani inayolifaa, na kupangiwa tarehe ya kurudi baada ya miezi kadhaa aonekane kama kuna kilichobadilika. Hoja yangu ni kwamba mtu huyo anastahili jaribio. Hastahili muujiza wa kutangaziwa, na hastahili kufungiwa mlango.

Jina lenyewe linapotosha. Jicho vivu, ambalo kitaalamu huitwa ambliopia, kwa kawaida halina uvivu wowote na ukilichunguza kwa ndani hulikuti na kasoro inayotosha kueleza kwa nini halioni. Mboni iko sawa, retina iko sawa, neva inapeleka ujumbe. Tatizo liko kwa mpokeaji. Katika miaka ya mwanzo ya maisha ubongo hujifunza kuona kwa kuunganisha picha mbili, moja kutoka kila jicho. Picha moja ikiwa na ukungu kwa sababu jicho hilo lina upungufu mkubwa kuliko mwenzake, au ikitoka upande mwingine kwa sababu ya makengeza, au ikizibwa na mtoto wa jicho au kope iliyoanguka, ubongo huamua kuipuuza. Ukiendelea hivyo kwa miezi na miaka, kupuuza kunakuwa tabia ya kudumu. Ndiyo maana mtu anaweza kuvalishwa miwani sahihi kabisa na bado akashindwa kusoma ubao wa herufi: herufi zinafika zikiwa safi, ila upande wa pili hakuna aliyezoea kuzisoma. Takwimu za nchi nyingi huweka idadi ya wenye hali hii kati ya asilimia 1 na 3 ya watu. Katika ukumbi wa harusi wenye wageni 300, kuna watu kadhaa wa namna hiyo wameketi, na baadhi yao hawajui.

Hawajui kwa sababu jicho vivu la kimyakimya haliumi na halionekani. Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Makengeza huonekana, na kila mtu mtaani ana maoni juu yake: ni ya ukoo, yataisha yenyewe, ni urembo. Jicho vivu linaweza kutokana na makengeza, lakini linaweza pia kukaa kwenye uso ulionyooka kabisa, macho mawili mazuri yanayotazama mbele, moja likifanya kazi ya mawili. Kinyume chake pia ni kweli: mtu anaweza kuwa na makengeza yanayohamahama kutoka jicho moja hadi jingine, na kila jicho likawa linaona vizuri likiwa peke yake. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Nimekutana na watu waliofanyiwa upasuaji wa kunyoosha jicho ukubwani wakitegemea kwamba wataanza kuona nalo, wakavunjika moyo. Upasuaji wa makengeza una faida zake kwa mtu mzima, ikiwemo kumrudishia utulivu wa kumtazama mwenzake usoni, na wakati mwingine kuyawezesha macho kushirikiana. Ila kunyooka kwa jicho ni jambo moja, na ubongo kulisikiliza ni jambo jingine.

Basi ile miaka saba ilitoka wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard walishona kope za jicho moja la paka wachanga. Walipolifungua baadaye, jicho lilikuwa salama, lakini seli za sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona zilikuwa zimeacha kuliitikia. Karibu zote zilikuwa zimehamia kwenye jicho lililobaki wazi. Walipomfanyia hivyo paka aliyekwisha kukua, ubongo haukuhama. Kumbe kuna kipindi maalumu cha utotoni ambapo ubongo uko tayari kuumbwa, na kikipita umeshaganda. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ilistahili. Iliokoa macho ya watoto wengi mno, kwa sababu kabla yake madaktari walikuwa wakisubiri mtoto akue ndipo wamtoe mtoto wa jicho.

Sisi Waswahili hatukuhitaji paka kuelewa jambo hilo, tuna methali yake: samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana fundisho hili lilikubalika kwetu bila ubishi. Lakini methali inasema ni lini kukunja ni rahisi. Haisemi kwamba samaki mkavu atupwe. Mtu wa pwani anayeuza ng'onda anajua kuwa samaki aliyekauka juani bado ana kazi, ila anahitaji kulowekwa kwanza, na hata akilowekwa hawi yule aliyetoka baharini asubuhi.

Kosa lilitokea pale watu waliposoma jaribio la paka kama kwamba limejibu maswali mawili wakati lilijibu moja. Swali la kwanza ni hili: ni katika umri gani jicho linaweza kuharibika kwa kunyimwa picha nzuri? Jibu ni utotoni, na jibu hilo limesimama. Ndiyo maana mtu mzima anayepata mtoto wa jicho akiwa na miaka 60 na kukaa nalo miaka mitano hapati jicho vivu. Akifanyiwa upasuaji anaona. Swali la pili ni tofauti: jicho lililoharibika utotoni linaweza kurekebishwa hadi umri gani? Dirisha la kuumia na dirisha la kupona si lazima yafungwe siku moja. Kwa miongo mingi yalichukuliwa kuwa ni dirisha moja, na kwa kuwa hakuna aliyejaribu kumtibu mtu mzima, hakukuwa na aliyepona, na kutokuwapo kwa waliopona kukawa ushahidi wa kutojaribu.

Ushahidi wa kinyume ulikuwapo muda wote, tena katika mazingira ya kusikitisha. Wapo watu wenye jicho vivu ambao baadaye maishani hupoteza jicho lao zima kwa ajali au maradhi. Watafiti wa Uingereza waliowafuatilia watu wa aina hiyo waliona kwamba takribani 1 kati ya 10 jicho lake vivu lilianza kuona vizuri zaidi, kwa mistari miwili au zaidi kwenye ubao wa herufi, bila tiba yoyote, kwa sababu tu ubongo haukubaki na mwingine wa kumsikiliza. Mtu 1 kati ya 10 si wengi. Lakini kama ubongo wa mtu mzima ungekuwa umefungwa kufuli, idadi ingekuwa sifuri. Huko India, mradi wa Prakash ulioanzishwa na Pawan Sinha wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts umewafanyia upasuaji watoto wakubwa na vijana waliozaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, watu ambao kwa mujibu wa kitabu muda wao ulikuwa umekwisha. Hawakupata macho ya kawaida, lakini wengi walipata uwezo wa kuona unaowasaidia katika maisha. Na mwaka 2021 maabara ya Mark Bear huko Marekani na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba kulinyamazisha jicho zima kwa siku chache kunaweza kurudisha uwezo wa jicho dhaifu kwa wanyama ambao kipindi chao cha utoto kilikwisha pita. Walilinyamazisha kwa tetrodotoksini, ileile sumu ya samaki bunju ambayo kila mvuvi wa pwani yetu anamkanya mwanawe nayo. Hiyo si tiba ya binadamu, na iko mbali sana na kuwa tiba. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba ule ubongo uliodhaniwa kuganda ulikuwa umezimwa sauti tu.

Ushahidi ninaouamini zaidi kwa watu, hata hivyo, hauna sumu wala skrini. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa macho ya watoto nchini Marekani lilichapisha jaribio la vijana 507 wenye umri wa miaka 7 hadi 17. Wote walipewa miwani. Nusu yao waliongezewa tiba ya kawaida ya kuziba jicho zima saa chache kwa siku, na wale wa miaka 7 hadi 12 wakaongezewa matone ya atropini, yanayolitia ukungu jicho zima. Kwa hao wadogo, asilimia 53 ya waliotibiwa walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya asilimia 25 ya waliovaa miwani peke yake. Kwa wa miaka 13 hadi 17 tofauti ilikaribia kutoweka, asilimia 25 kwa 23, na hapo wenye kushikilia ukomo wa umri hufunga kitabu. Wangefungua ukurasa mmoja zaidi. Miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 17 ambao hawakuwahi kutibiwa kabla, asilimia 47 ya waliozibwa jicho walipata nafuu, dhidi ya asilimia 20 ya wenye miwani tu. Maana yake ni kwamba historia ya tiba ina uzito wake kando ya umri. Kijana aliyezibwa jicho miaka mitatu utotoni ameshachota kilichokuwa kisimani. Aliyefika akiwa na miaka 15 bila kuwahi kuguswa bado ana maji.

Tafakari maana ya jambo hilo kwetu. Huko Marekani na Ulaya, mtu mzima mwenye jicho vivu mara nyingi ni yule ambaye tiba ya utotoni haikumsaidia vya kutosha. Huku kwetu, mtu mzima mwenye jicho vivu mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyempima hata siku moja. Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba watoto wenye mtoto wa jicho walikuwa wakifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa kwa wastani wa karibu miaka mitatu tangu wazazi kuona dalili. Huo ni mtoto wa jicho, kitu cheupe ambacho mama anakiona kwa macho yake. Jicho vivu lisilo na alama yoyote nani atalileta? Kwa hiyo tunapochukua sheria ya umri kutoka nchi za watu na kuitumia kwa wagonjwa wetu, tunawahukumu watu ambao hawajawahi kutibiwa kwa kipimo cha watu waliotibiwa wakashindikana.

Sasa niende upande wa pili, kwa wauza ahadi, kwa sababu sitaki hoja yangu iwe mtaji wao. Ni kweli kwamba mazoezi yanaweza kuubadili ubongo wa mtu mzima. Mwaka 2004 Uri Polat na wenzake wa Israeli walichapisha kazi ambapo watu wazima wenye jicho vivu walifanyishwa mazoezi ya kutambua mistari hafifu sana kwenye kompyuta, na uwezo wao wa kutofautisha weupe na weusi na kutambua herufi ukaongezeka kama mara mbili. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwachezesha gemu za video watu wazima 20, jicho zima likiwa limezibwa, kwa jumla ya hadi saa 40, na uoni ukapanda. Mwaka 2013 kundi la Robert Hess wa Chuo Kikuu cha McGill likaonyesha kwamba gemu ya kupanga matofali, iliyogawanywa ili kila jicho lione sehemu yake, iliwasaidia watu wazima 18 kuliko kucheza jicho zima likiwa limefunikwa. Hapo ndipo shangwe zilipoanza, na nakiri nilishangilia pia.

Kisha likaja jaribio ambalo wauzaji hawalitaji. Mwaka 2018 watafiti wa nchi kadhaa, New Zealand na Kanada zikiwemo, walichapisha matokeo ya watu 115 wenye miaka 7 na kuendelea, wengi wao watu wazima. Nusu walipewa gemu ile ya matofali iliyogawanywa kwa macho mawili, nusu wakapewa gemu inayofanana nayo kwa kila kitu ila isiyo na tiba ndani yake, wakaicheza nyumbani kwa wiki 6. Mwisho wa wiki 6 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ndogo isiyofika hata mstari mmoja wa ubao wa herufi, na hakukuwa na tofauti kati yao. Dawa nazo zimekuwa na safari ileile. Fluoksetini, dawa ya sonona, iliwarudishia uoni panya wakubwa mwaka 2008, ikashindwa kukipita kidonge kisicho na dawa ndani, kile cha kulinganishia, ilipojaribiwa kwa watu. Levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ilijaribiwa kwa watoto wakubwa pamoja na kuziba jicho, haikuongeza kitu. Hata hiyo Luminopia yenye sifa nyingi, katika jaribio la watoto 105 ilileta wastani wa mistari 1.8 dhidi ya mistari 0.8 ya miwani peke yake. Ni nafuu ya kweli na ni ya watoto. Mtu anayekuuzia kifaa cha kuvaa kichwani kwa mamia ya dola akakuambia kwamba wewe wa miaka 40 utapona kwa kuwa mtoto wa miaka 5 alipona, anakuibia.

Angalia tena kitu kimoja katika majaribio makubwa ya watu niliyoyataja: miwani. Wa gemu, wa kiraka cha kuziba jicho, wote walipewa miwani. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba watoto wa miaka 3 hadi 7 ambao jicho lao vivu lilitokana na tofauti ya namba za miwani, asilimia 77 walipanda mistari miwili au zaidi kwa miwani peke yake, na zaidi ya robo walipona kabisa. Na watafiti walewale wa jaribio la 2018 walilazimika kuwavalisha watu wazima miwani sahihi kwa wiki nyingi kabla ya kuanza, kwa sababu waliona kuwa miwani peke yake ilikuwa inawaongezea uoni, na bila kusubiri wangeipa gemu sifa isiyo yake. Kifaa cha tiba kilichosahaulika zaidi kwa mtu mzima kinauzwa katika kila mji, na kinachokosekana ni mtu wa kukipima kwa dhati.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Niligundua langu nikiwa na miaka 29, kwenye ukaguzi wa macho kwa ajili ya leseni ya udereva. Jicho la kulia lilisoma hadi chini, la kushoto lilikwama kwenye mstari wa 6/36, yaani lilisoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 36. Mtaalamu aliyenipima baadaye aliniambia, "Hili limeshapitwa na wakati, kaka," akaniandikia miwani ambayo lenzi ya kushoto haikuwa na namba yoyote, kwa hoja kwamba hakuna faida ya kulipimia jicho lisiloona. Ilinichukua miaka minne kukutana na mwingine aliyelipima kama jicho. Leo nasoma mistari miwili zaidi nalo, basi. Habari yangu si ushahidi wa kitabibu, na siitoi kama ushahidi. Naitoa kwa ajili ya ile lenzi tupu, kwa maana nimeshaambiwa na wengine wengi kwamba nao walipewa kama hiyo.

Wapo madaktari makini wanaosita kuwatibu watu wazima, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kuona vitu viwiliviwili. Mtu mwenye makengeza ya tangu utotoni amekaa kwa amani miaka 30 kwa sababu ubongo wake umeinyamazisha picha moja. Ukiiamsha picha hiyo bila macho kuwa na uwezo wa kuungana, unaweza kumwachia taabu ya kuona watu wawili badala ya mmoja, taabu isiyo na dawa nyepesi. Hatari hii ni ya kweli, hutokea kwa wachache, na ndiyo sababu kubwa ya kutojitibu mwenyewe kwa programu ya simu au kiraka ulichokata nyumbani. Mtaalamu anaweza kupima ni kwa kina gani ubongo umeikandamiza picha ile, na kusimamisha tiba mapema dalili zikianza. Kwa mtu ambaye macho yake yamenyooka na tatizo lake ni tofauti ya namba za miwani tu, wasiwasi huu ni mdogo zaidi, na yeye ndiye wa kwanza anayestahili jaribio.

Hoja ya pili ni nzito kwa nchi zetu: madaktari wa macho ni wachache, foleni za hospitali kubwa zinaanza alfajiri, na kila saa anayopewa mtu mzima ni saa iliyotoka kwa mtoto ambaye angefaidika zaidi. Ningekuwa na kiti kimoja tu, ningemkalisha mtoto, sina ubishi. Lakini jaribio ninalolizungumzia halihitaji daktari bingwa wala chumba cha upasuaji. Linahitaji mpimaji wa macho, miwani, na ahadi ya kurudi. Tena mtu mzima ni njia ya kumfikia mtoto. Makengeza na tofauti za namba za miwani huenda kwa koo, kwa hiyo kila baba au mama anayegundulika na jicho vivu ni sababu ya kuwapima wanawe wiki hiyohiyo. Huko Trans Nzoia nchini Kenya, walimu waliwahi kufundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa simu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba jambo hilo linawezekana na kwamba watoto wengi zaidi walifika hospitali pale wazazi walipokumbushwa kwa ujumbe. Mzazi anayelijua jicho lake hahitaji ujumbe wa pili.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa zaidi: una jicho lingine, shida iko wapi? Shida iko katika neno lingine. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliokadiria kwamba mtu mwenye jicho vivu ana uwezekano wa angalau asilimia 1.2 wa kupoteza uoni kwa kiwango kikubwa katika maisha yake kwa sababu jicho lake zima limeumia au limeugua. Miongoni mwa waliokuwa na ajira kabla ya kupatwa na hilo, ni takribani theluthi moja tu walioweza kuendelea na kazi. Huo ni Uingereza, nchi yenye huduma za kumsaidia asiyeona. Hesabu hiyo ilete Gerezani ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, kwa fundi anayechomelea mageti bila kinga ya macho, cheche zikiruka, ilhali jicho lake moja ndilo linalolisha watoto. Kwa mtu huyu, kulipandisha jicho vivu kutoka 6/60 hadi 6/24 hakutambadilishia lolote Jumatatu asubuhi. Siku jicho zima litakapoumia, ndiko kutakakoamua kama anatembea mwenyewe hadi kituo cha daladala au anashikwa mkono.

Kuna hatari nyingine ambayo mazoea ya kusema "hilo ni jicho vivu tu" yanaizalisha. Jicho vivu haliingii ukubwani. Mtu ambaye jicho lake lilikuwa linaona na sasa limepungua ana kitu kingine: presha ya macho, mtoto wa jicho, kisukari kilichofika kwenye retina, au tatizo la neva, na baadhi ya hivyo vikicheleweshwa havirudi. Hata mwenye jicho vivu la kweli anaweza kupata presha ya macho kwenye jicho hilohilo, isijulikane kwa kuwa hakuna anayelichunguza tena. Kuliandika jicho kuwa vivu ni hitimisho linalotakiwa kuja baada ya mengine yote kuondolewa.

Kwa hiyo mtu mzima aliyeambiwa ana jicho vivu aende akaulize mambo machache kwa upole na kwa msimamo. Jicho hili limepimwa namba yake peke yake, na namba hiyo iko kwenye miwani yangu? Kwa kuwa mimi sikuwahi kutibiwa utotoni, je, tunaweza kuvaa miwani hii kila siku kwa miezi minne kisha tupime tena? Kama kuna nafuu, je, inafaa kuongeza kuziba jicho zima kwa saa chache nikiwa nyumbani, chini ya uangalizi wako? Je, kuna hatari ya kuona viwiliviwili kwa hali yangu? Mtaalamu atakayejibu kwamba nafuu haitarajiwi baada ya kupima ametenda haki. Anayejibu hivyo kabla ya kupima, tafuta mwingine.

Na kwa wanaopanga sera, mahali pa kuanzia pako tayari. Watu wazima wetu hupimwa macho wanapoomba leseni, wanapoingia jeshini na polisi, wanapoajiriwa viwandani. Kila jicho linapimwa peke yake, anayekutwa na jicho dhaifu anaandikiwa amefeli au amefaulu, na karatasi inaingia kwenye faili. Karatasi hiyohiyo ingeweza kuwa rufaa ya kwenda kwa mpimaji wa miwani, pamoja na maneno mawili kwa mhusika: wapeleke watoto wako wakapimwe, na kuanzia leo usishike grinda bila miwani ya kinga. Miwani ya kinga yenye lenzi za plastiki ngumu ya polikaboneti haigharimu kiasi cha kumshinda mwajiri yeyote, na kwa mwenye jicho moja linalofanya kazi ingetakiwa iwe sharti la ajira sawa na helmeti kwa anayepanda jukwaa la ujenzi.